Nani Hupanga Riba?

Mkulima wa viazi wa Njombe hahitaji kufundishwa maana ya lumbesa. Gunia likijaa hushonewa kichwa juu yake, viazi vikashindiliwa mpaka gunia likafura, kisha likahesabiwa kuwa gunia moja. Mnunuzi hakuja usiku kama mwizi, wala hakumtishia mtu kwa panga. Alilipa bei iliyokubaliwa, mchana, mbele ya mashahidi. Hata hivyo mkulima arudipo nyumbani moyo wake wamwambia kwamba ameibiwa, nao wasema kweli. Kwa maana kilichoharibiwa si bei bali kipimo. Ndiyo sababu sheria ya vipimo yakataza ufungashaji wa namna hiyo, na yaagiza kwamba gunia la mazao lisizidi kilo 100.

Leo twataka kuwaonyesha wasomaji wetu kwamba fedha nayo ina kipimo chake, nacho ni riba. Kwamba kipimo hicho nacho chaweza kutiwa lumbesa. Na kwamba hasira ya watu juu ya jambo hilo, ambayo twaisikia sokoni Makambako kama isikiwavyo katika miji mikubwa ya dunia, ni hasira ya haki. Lakini hasira peke yake haijapata kunyoosha mizani hata mara moja. Yatupasa kwanza kufahamu, kisha kuuliza, kisha kudai jibu.

1. Riba ni bei ya nini?

Mwenye duka la Makambako akikopa benki ili anunue mahindi wakati wa mavuno, ananunua ruhusa ya kutumia fedha ya watu wengine kwa muda. Fedha hiyo si mali ya meneja. Ni akiba ya mwalimu, ni ya mjane aliyeuza miti yake ya mbao, ni ya chama cha wakulima wa chai. Riba ndiyo bei ya matumizi hayo. Ndani ya bei hiyo mna sehemu anayolipwa mwenye akiba, mna mishahara na gharama za benki, mna kinga dhidi ya wakopaji watakaoshindwa kulipa, na mna faida.

Tena iko bei ya msingi itokayo juu. Tangu Januari 2024 Benki Kuu ya Tanzania hutangaza hadharani Riba ya Benki Kuu, ambayo huongoza bei ya fedha katika mabenki. Ilianza kwa asilimia 5.5, Aprili 2024 ikapandishwa kuwa asilimia 6, na Julai 2025 ikashushwa kuwa asilimia 5.75. Kila mara sababu zilitolewa, na mtu yeyote aweza kuzisoma, kuzikubali au kuzipinga.

Basi hatusemi kwamba kila riba ni wizi, wala kwamba kila karani wa benki ni mnyang'anyi. Benki iliyo nzuri ni msaada mkubwa kwa nchi ya wakulima kama yetu, ambao huhitaji mbolea mwezi ambao hawana kitu mfukoni. Twasema hivi tu: bei hiyo ni halali pale ambapo anayeilipa aweza kujua imetoka wapi.

2. Mambo yaliyotokea London

Sasa natuwatazame wakubwa wa dunia. Tangu mwaka 1986 chama cha mabenki cha Uingereza kilikuwa kikitangaza kila siku ya kazi hesabu iitwayo LIBOR, yaani riba ambayo mabenki makubwa yangetozana yakikopeshana fedha mjini London. Hesabu hiyo ikawa mizani ya dunia nzima. Mikopo ya nyumba, mikopo ya viwanda, mikopo ya serikali, yote ilifungwa juu yake, na mikataba iliyoitegemea ilikadiriwa kuzidi thamani ya dola trilioni 300 za Marekani.

Je, mizani hiyo ilipimwaje? Mabenki yaliulizwa kila asubuhi: leo mngeweza kukopa kwa riba gani? Kila benki ikatoa jibu lake. Majibu ya juu sana na ya chini sana yakawekwa kando, na yaliyobaki yakatafutiwa wastani. Msomaji aone hapo palipo na hatari. Haikupimwa fedha iliyokopwa kweli; lilichukuliwa neno la mwenye fedha. Ni kama kumwuliza mnunuzi wa viazi gunia lina kilo ngapi, na kuandika atakavyosema.

Likawa lililotazamiwa. Wafanyabiashara wa fedha ndani ya mabenki waliwaomba wenzao waliotoa majibu wayapandishe kidogo leo, wayashushe kidogo kesho, kadiri ya faida waliyoiwinda. Tena wakati wa msukosuko wa fedha wa miaka ya 2007 na 2008, yako majibu yaliyoshushwa ili benki ionekane ina afya kumbe inatweta. Tarehe 27 Juni 2012 benki ya Barclays ilikubali kulipa faini za pauni milioni 290 hivi kwa wakubwa wa Uingereza na Marekani, na mwezi uliofuata mkuu wake, Bob Diamond, akajiuzulu. Desemba mwaka huo benki ya UBS ya Uswisi ikalipa kiasi cha dola bilioni 1.5. Aprili 2015 Deutsche Bank ya Ujerumani ikalipa dola bilioni 2.5.

Watu wakauliza: na waliotenda? Hapo ndipo hasira ilipowaka. Faini ilitoka katika mfuko wa benki, yaani katika mali ya wenye hisa. Waliopelekwa mahakamani walikuwa hasa watu wa meza za chini na za kati. Mkuu wa benki hakufungwa hata mmoja. Tom Hayes, aliyehukumiwa mwaka 2015 kifungo cha miaka 14, kisha kikapunguzwa kuwa 11, alifutiwa hukumu na Mahakama ya Juu ya Uingereza Julai 2025, kwa kuwa jaji aliyeendesha shauri aliwaongoza vibaya wajumbe wa baraza waliotoa uamuzi. Hivyo baada ya miaka kumi na mitatu dunia ilibaki na faini kubwa, na mizani iliyovunjika, na watu wachache mno wa kujibu.

LIBOR yenyewe imekwisha. Riba yake ya dola ilitangazwa kwa utaratibu wa zamani kwa mara ya mwisho tarehe 30 Juni 2023, na mahali pake pamewekwa vipimo vinavyotokana na mikopo iliyofanyika kweli. Somo lilijifunzwa kwa gharama kubwa: kipimo kisitegemee neno la anayefaidika nacho.

Yafaa tuongeze kwamba hata Roma haikunyamaza. Hati iliyotolewa Mei 2018 juu ya mambo ya uchumi na fedha, iitwayo Oeconomicae et pecuniariae quaestiones, yaitaja LIBOR kwa jina, na yasema kwamba kuichezea hesabu hiyo ni kosa zito la maadili lenye madhara yanayofika mbali. Wala si fundisho jipya. Manabii wa kale walikemea mizani ya uongo kabla benki hazijakuwapo duniani.

3. Asilimia moja ya Tanzania

Mtu atasema: hayo ni ya Wazungu, Njombe yatuhusu nini? Tumjibu kwa hesabu ya nchi yetu wenyewe.

Mwaka 2012 Serikali ya Tanzania ilitafuta mkopo wa dola milioni 600 kwa ajili ya miradi yake. Kazi ya kuutafuta ilifanywa na Standard Bank ya London pamoja na ndugu yake Stanbic ya Tanzania. Mwanzoni ujira wa kazi hiyo ulitajwa kuwa asilimia 1.4 ya mkopo. Baadaye ukawa asilimia 2.4. Ile asilimia moja iliyoongezeka, yaani dola milioni 6, ilikwenda kwa kampuni moja ya Dar es Salaam, EGMA, ambayo miongoni mwa wakurugenzi na wenye hisa wake alikuwamo ofisa mkubwa wa Serikali aliyekuwa bado kazini. Kwa mujibu wa hati zilizopelekwa mahakamani London, hapakuwa na ushahidi kwamba kampuni hiyo ilifanya kazi yoyote kwa ujira huo. Mkopo ulikamilika Machi 2013, na katika mwezi huo huo sehemu kubwa ya fedha hiyo ilitolewa benki taslimu.

Ni nani aliyegundua? Wafanyakazi wa Stanbic wenyewe, walioona fedha nyingi mno ikitolewa kwa haraka mno, wakapaza sauti. Twawasifu bila kujua majina yao. Benki ikajipeleka yenyewe kwa wapelelezi wa Uingereza, na tarehe 30 Novemba 2015 mahakama ya London ikakubali mapatano: faini ya dola milioni 16.8, kurudisha faida ya dola milioni 8.4, na kuilipa Tanzania zile dola milioni 6 pamoja na riba yake, jumla zaidi ya dola milioni 7. Kosa lililotajwa lilikuwa kushindwa kuzuia rushwa. Hapa nyumbani nako mashtaka yalifunguliwa Dar es Salaam mwaka 2016.

Na mkopo wenyewe ulitozwa riba gani? Ile ile LIBOR ya miezi sita, ikiongezwa asilimia 6. Hatusemi kwamba hesabu hiyo ilichezewa katika mkopo wetu. Mashtaka ya London yalihusu miaka ya nyuma. Twasema tu kwamba mizani iliyokuwa ikishikwa na watu wachache mjini London ndiyo iliyompimia pia mlipa kodi wa Makambako, naye hakupata kuisikia hata kwa jina.

4. Hapa kwetu

Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ilizifungia benki tano kwa kuwa mtaji wao ulikuwa mdogo kuliko sheria inavyotaka. Mojawapo ilikuwa Njombe Community Bank, benki ya wananchi iliyobeba jina la mji wetu. Bodi ya Bima ya Amana ikakabidhiwa kazi ya kuifilisi. Wakati huo bima ilimlinda mwenye akiba mpaka shilingi 1,500,000 tu. Aliyekuwa na zaidi ilimbidi angoje mali ya benki iuzwe na madeni yake yakusanywe. Mwaka 2023 kiwango hicho kilipandishwa hadi shilingi 7,500,000, nalo ni jambo jema.

Hatumshtaki mtu kwa kufungwa kwa benki hiyo. Lakini twauliza swali lililo haki ya kila mwenye akiba: je, aliyeweka fedha yake pale aliwahi kuelezwa, kwa lugha anayoifahamu, kwamba mtaji wa benki haukutosha? Mtaji haupungui kwa usiku mmoja. Mwenye kujua akanyamaza, na mwenye fedha asijue, hapo kipimo kimekwisha kupotoka, hata kama hakuna senti iliyoibwa.

Benki ikitoweka, pengo hujazwa na nani? Hujazwa na mkopeshaji wa mtaani, ambaye watu wamempa jina la kausha damu. Tuchukue mfano. Mama muuza ndizi akopa shilingi 100,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Kila mwezi alipa 20,000 ya riba, asiweze kugusa deni. Miezi sita ikipita amelipa 120,000, na bado adaiwa 100,000 ile ile. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ilitungwa ili kuzuia mambo hayo: mkopeshaji awe na leseni, na Benki Kuu imeweka ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wadogo wasiopokea amana. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 za kukopesha kwa simu zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Lakini sheria haiwezi kumlinda mtu ambaye hajui kwamba ipo.

5. Hesabu moja ya kujifunza

Hata ndani ya sheria yamo mambo ya kuangaliwa. Tuseme wakulima wawili wa viazi wakopa kila mmoja shilingi 1,000,000, wailipe kwa miezi 12, kwa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi. Karatasi zao zaonyesha namba moja.

Wa kwanza atozwa riba juu ya mkopo wote wa mwanzo kila mwezi, hata baada ya kulipa nusu yake. Alipa riba ya 35,000 mara 12, jumla 420,000.

Wa pili atozwa riba juu ya deni lililobaki tu. Mwezi wa kwanza alipa 35,000, na kila apunguzapo deni riba nayo yapungua. Mwisho wa mwaka riba yake yote ni 227,500.

Tofauti ni shilingi 192,500, nayo haionekani popote katika ile namba 3.5. Hiyo ndiyo lumbesa ya kalamu. Kichwa cha gunia kimeshonwa ndani ya maneno. Tena hatujahesabu ada ya fomu, bima ya mkopo na adhabu ya kuchelewa.

6. Tufanye nini?

Wako wasemao: Serikali na iamuru riba iwe ndogo, yatosha. Kenya ilijaribu. Sheria ya mwaka 2016 iliamuru riba ya mabenki isizidi asilimia nne juu ya riba ya Benki Kuu yao. Mabenki yakapunguza mikopo kwa watu wadogo, yakapendelea kuikopesha Serikali, na Novemba 2019 ukomo huo ukafutwa. Namba ndogo haitoshi ikiwa mlango umefungwa. Wako wengine wasemao: benki zote ni mwizi mmoja, tuzike fedha zetu shambani. Hao nao watarudi kwa kausha damu msimu wa mbolea utakapofika.

Njia iliyo ya haki ni ile tuliyokwisha kuikubali kwa magunia. Mizani iwe mahali pa wazi. Akaguliwe mwenye kuishika. Na akiivuruga, ajibu yeye, si mfuko wa wengine. Hayo twayadai kwa mabenki makubwa, kwa wakopeshaji wadogo, na kwa wale wanaokopa kwa niaba ya taifa. Faini inayolipwa na benki bila mtu yeyote kutajwa jina ni kama kumtoza gunia faini na kumwacha aliyelijaza.

Nasi wananchi tunayo sehemu yetu. Kabla ya kutia sahihi au dole gumba, kila mtu aulize maswali manne. Kwanza, je, mkopeshaji huyu ana leseni? Pili, riba hii yahesabiwa juu ya mkopo wote au juu ya deni lililobaki? Tatu, pamoja na ada zote nitakuwa nimelipa shilingi ngapi siku ya mwisho? Nne, nikidhulumiwa nimwendee nani, na jina lake ni nani? Majibu yaandikwe. Asiyeridhika na jibu la benki yake aweza kupeleka malalamiko Benki Kuu, ambayo inalo tawi Mbeya, si mbali nasi.

Kadhalika tusidai kwa wakubwa tusilolifanya sisi. Katika vyama vyetu vya akiba na mikopo na vyama vya ushirika wa mazao, mkutano mkuu wa mwaka husomewa hesabu, na wanachama wengi hawaji, au huja wakangoja chakula. Mwenyekiti asiyeulizwa miaka mitano atazoea kutoulizwa, na akizoea, hata swali la haki atalihesabu kuwa tusi. Tena mkopaji anayekimbia deni lake halali ajue kwamba hakumkimbia meneja. Amemkimbia yule mjane aliyeuza miti.

Walioharibu mizani ya London walikuwa watu wenye elimu kubwa na mishahara minono, wakifanya kazi katika majengo yenye walinzi. Kilichowawezesha hakikuwa werevu. Ni kwamba kwa miaka mingi hakuna aliyewauliza namba yao imetoka wapi. Swali hilo halihitaji shahada. Mkulima yeyote aliyewahi kulitazama gunia lake likishindiliwa, akasema hapana, alikwisha kulijua. Basi na aliulize pia mbele ya dirisha la benki, kwa adabu, kwa sauti ya kusikika, wala asiondoke kabla hajajibiwa.